Waridi la manyoya: asili yake wapi?



Tulimsindikiza bibi harusi wetu kutoka Unguja hadi Songea, kwa wakwe zake. Vikuba tulivyomtungia nyumbani, vya asumini na mrihani, vilinyauka njiani. Mama mwenye nyumba akatupeleka uani kwenye mwaridi mkongwe. Vitumba vyake vimejaa manyoya ya kijani. Ukivigusa vinanata, na vidole vinabaki na harufu ya utomvu.

Tukauliza asili yake. Shangazi mmoja alisema umetoka kwa wamisionari wa Peramiho, waliofika 1898. Mwingine alisema ni wa njia ya misafara ya Kilwa. Mzee wa nyumba alisema hujaji aliuleta kutoka Makka.

Bibi harusi wetu alikaa kimya, na tulijua kwa nini. Bibi yao wa kale alifikishwa Unguja utotoni kupitia Kilwa, akauzwa, na hakuna aliyeuliza kwao wapi. Wakati wa posa aliulizwa kabila lake. Wapo waliomshauri ajiite Mshirazi tu, yaishe.

Basi tulifuatilia habari za waridi hili. Halikutoka porini. Ni tawi lililobadilika lenyewe juu ya mwaridi wa kawaida wa bustanini, likaota manyoya, na watu wakakata vipande wakapanda. Leiden, Uholanzi, lilikuwapo miaka ya 1720. Wafaransa nao husimulia kuwa lilionekana Carcassonne mwaka 1696. Bustani ya kwanza haijathibitishwa.

Hata waridi la marashi lina habari kama hiyo. Linaitwa kwa jina la Damaski, kwa hadithi kwamba askari wa vita vya msalaba alilichukua Sham mwaka 1254. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walipima vinasaba vya aina nne kongwe za waridi hilo, moja ikiwa nyeupe yenye manyoya. Wakakuta zote nne zinafanana, na wazazi ni watatu, mmoja wao mwaridi mwitu wa Asia ya Kati. Kumbe ni mche mmoja, uliokatwa vipande na kupitishwa mkono kwa mkono karne kwa karne. Ndilo linalochumwa Taif, na Jabal Akhdar kule Oman, tukapata marashi ya kuwarashia maharusi wetu. Hata jina waridi limetoka kwenye Kiarabu, na wataalamu wa lugha hulifuata hadi Iran ya kale.

Dada zetu, dini yetu inakataza mtu kujipachika nasaba isiyo yake. Inatufundisha pia kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu, awe wa ukoo gani. Kutojua kwenu si aibu. Aibu ni ya waliomuuza mtoto.

Siku ya kutolewa nje, bibi harusi alivaa waridi lile kichwani. Mgeni mmoja alipomuuliza kabila, alijibu kwa upole: "Bibi yetu alipita Kilwa. Kwao hatukujui. Mimi ni mtoto wa Unguja, na sasa ni mke wa hapa."

Kabla hatujaondoka, mkwewe alimkatia kipande cha mwaridi. Ameshakipanda uani kwake.