Uwanja wa Kurukshetra na Mawe ya Shinkolobwe

Kilomita zipatazo 20 magharibi ya Likasi, mkoani Haut-Katanga, nchini Kongo, kuna kilima kilichochimbwa mpaka kikawa shimo. Mahali hapo ni Shinkolobwe. Mwaka 1915 mtafutaji madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aligundua hapo mawe mazito yenye urani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyachimba mwaka 1921. Wakati huo kilichotafutwa ndani yake kilikuwa radiamu, iliyotumika kutibu saratani na kuuzwa kwa bei ya ajabu. Urani yenyewe ilikuwa na kazi ndogo tu, kama kutia rangi vyombo vya udongo na vioo.

Mwaka uleule wa 1915, India, kilichapishwa kitabu cha mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak kuhusu Bhagavad Gita. Tilak alikiandika alipokuwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, Burma. Hoja yake ilikuwa kwamba Gita haimwiti mtu akimbie dunia na kukaa pangoni. Inamwita atende, tena atende bila kujitafutia faida. Kitabu hicho na shimo lile la Katanga havikuwa na uhusiano wowote. Miaka 30 baadaye, mawe ya Shinkolobwe na aya za Gita vilikutana jangwani Marekani, na tangu siku hiyo swali la nini hasa maana ya hadithi takatifu za Wahindu linawahusu watu wa Likasi pia.

Gita ni sehemu ndogo ya utenzi mkubwa mno uitwao Mahabharata. Ina sura 18 na beti 700. Majeshi mawili ya ukoo mmoja yamesimama kukabiliana katika uwanja wa Kurukshetra: upande huu ndugu watano, Wapandava, upande ule binamu zao mia moja, Wakaurava. Arjuna, mpiga upinde hodari wa Wapandava, anamwomba mwendesha gari lake la vita alipeleke katikati ya majeshi ili awaone atakaopigana nao. Anawaona. Kuna babu yake Bhishma, kuna mwalimu wake Drona, kuna wajomba, ndugu na marafiki. Anaishiwa nguvu, anaweka upinde chini, anasema hatapigana. Mwendesha gari huyo ni Krishna, Mungu aliyevaa umbo la mwanadamu, na sura zote zinazofuata ni mazungumzo yao juu ya wajibu, kifo, nafsi na Mungu.

Msomaji wa juu juu anaona vita, na Mungu anayemhimiza mtu apigane. Lakini tangu kale Wahindu wengi wamesikia kitu kingine humo. Katika Katha Upanishad, maandiko ya zamani sana, mwili unafananishwa na gari la kukokotwa: milango ya fahamu ni farasi, akili ya kutamani ni hatamu, busara ni mwendeshaji, na nafsi ni abiria aliyeketi nyuma. Anayelijua fumbo hilo hawezi kumtazama Krishna akiwa na hatamu mkononi bila kujiuliza gari hilo ni la nani. Gita yenyewe, katika sura ya 13, inasema waziwazi kwamba mwili huu ndio unaoitwa uwanja. Na katika sura ya tatu, Arjuna anapouliza ni nini kinachomsukuma mtu kutenda uovu hata asipotaka, Krishna hamtaji mfalme yeyote wa upande wa pili. Anataja tamaa na hasira, na kusema hizo ndizo adui.

Abhinavagupta, mwanazuoni wa Kashmir aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, aliufafanua uwanja wa vita kuwa mwili wa binadamu, ambamo maarifa na ujinga hupigana. Wafasiri waliofuata njia hiyo wakaendelea: mfalme Dhritarashtra, baba wa Wakaurava, ni kipofu, na upofu wake ni wa moyo ulioshikwa na mapenzi ya mali na wana mpaka usione haki. Wakaurava ni wengi kwa sababu vishawishi ni vingi. Wapandava ni wachache kwa sababu wema ndani ya mtu huanza ukiwa mchache.

Aliyeipeleka tafsiri hiyo mbali zaidi ni Mohandas Gandhi. Aliisoma Gita mara ya kwanza London mwaka 1889, akiwa mwanafunzi wa sheria. Mwaka 1893, kijana bado, alipita katika pwani yetu: meli iliyomchukua kwenda Afrika Kusini ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Miaka 21 aliyokaa kusini mwa Afrika ndiyo iliyomfanya mpinzani wa dhuluma asiyeshika silaha. Tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati ilitoka tarehe 12 Machi 1930, siku aliyoanza matembezi ya chumvi kuelekea baharini Dandi. Kwa Gandhi, Wakaurava ni tabia zetu mbovu, Arjuna ni juhudi zetu njema, uwanja ni mwili, na Krishna ni yule akaaye ndani ya kila mtu. Hakujificha nyuma ya fumbo. Alikiri kwamba maneno ya kitabu, yakichukuliwa yalivyo, yanaweza kupatana na vita. Jibu lake lilitoka katika maisha: kwa miaka 40 alikuwa amejaribu kuishi kama Gita inavyofundisha, naye akaona kwamba mtu aliyeacha kweli kutamani matunda ya kazi yake hana tena sababu ya kusema uongo wala ya kumuumiza mtu.

Wakati huo Shinkolobwe ilikuwa ikipita katika misukosuko yake. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa na maji yakaujaza. Vita vilipowaka Ulaya, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alihofia shehena yake isiangukie mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani zisafirishwe hadi ghala moja la Staten Island, New York. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alikwenda ofisini kwa Sengier na kuinunua shehena yote. Mawe hayo yalikuwa na urani kwa kiasi cha asilimia 65, ilhali mawe ya Marekani yalikuwa na chini ya asilimia 1. Kisha wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kuufungua tena mgodi. Wachimbaji wa Katanga walichimba na kuyachagua mawe kwa mikono, bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Yalisafiri kwa reli hadi Port-Francqui, leo Ilebo, kwa mashua hadi Léopoldville, kwa reli tena hadi Matadi, kisha baharini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki ilitoka Kongo.

Kiongozi wa wanasayansi wa mradi huo, katika maabara ya Los Alamos, alikuwa Robert Oppenheimer. Kuanzia mwaka 1933 alikuwa amejifunza Kisanskriti huko Berkeley kwa profesa Arthur Ryder, akaisoma Gita katika lugha yake ya asili, na kugawia rafiki zake nakala. Tarehe 16 Julai 1945, alfajiri, bomu la kwanza lililipuliwa katika jangwa la New Mexico. Baadaye, katika filamu ya televisheni ya mwaka 1965, Oppenheimer alieleza kwamba alikumbuka sura ya 11 ya Gita. Hapo Arjuna anaomba kumwona Krishna alivyo, na Krishna anajifunua: vinywa na macho yasiyohesabika, mwanga kama wa majua mengi, majeshi yote mawili yakiingia vinywani mwake. Anasema yeye ndiye Wakati unaoangamiza ulimwengu.

Mwanahistoria James Hijiya ameonyesha kwamba Gita ilimpa Oppenheimer njia ya kuielewa kazi yake: mwanasayansi atimize wajibu wa mwanasayansi, na uamuzi wa kutumia silaha uwe wa watawala. Tunaweza kuona alivyofika hapo, kwa maana Krishna kweli anamwambia Arjuna atimize wajibu wake. Lakini ono la sura ya 11 halikumpa Arjuna hadhi ya Mungu. Lilimwangusha akatetemeka na kuomba radhi. Wanaolisoma kwa undani husema limewekwa hapo ili kuvunja kiburi: mtu aone kwamba uhai na kifo haviko mkononi mwake. Wiki tatu baada ya mlipuko ule wa jangwani, tarehe 6 Agosti, bomu la urani liliiteketeza Hiroshima, na hadi mwisho wa mwaka inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa.

Gandhi alijibu mwaka 1946. Alisema bomu hilo haliwezi kushindwa kwa bomu jingine, kama jeuri isivyoondolewa kwa jeuri. Tarehe 30 Januari 1948 aliuawa kwa risasi na Nathuram Godse, naye Godse alipopelekwa kunyongwa mwaka uliofuata alibeba Gita mkononi. Muuaji na aliyeuawa walikuwa na kitabu kimoja.

Likasi ilikutana na India mara ya pili, safari hii ana kwa ana. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na India ikapeleka kikosi kikubwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Desemba 1961, huko Elisabethville, Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliongoza askari 16 wa Kigurkha dhidi ya adui wapatao 90 waliofunga barabara, akauawa akiwa na miaka 26. Wagurkha hushambulia wakilitaja jina la Mahakali, mungu mke mwenye shada la vichwa shingoni na kichwa kilichokatwa mkononi. Kwa waumini wake kichwa hicho ni majivuno ya mtu, na upanga ni maarifa yanayoyakata. Tarehe 3 Januari 1963 majeshi ya India, chini ya Jenerali Prem Chand na Brigedia Noronha, yalivuka mto Lufira na kuingia Likasi, iliyokuwa bado ikiitwa Jadotville. Mwezi huohuo utengano ukaisha.

Watu wa Katanga hawakuhitaji kufundishwa na India kwamba hadithi ya vita ina tabaka mbili. Waluba husimulia jinsi Nkongolo, mfalme mkatili, alivyomwalika mpwa wake Kalala Ilunga acheze ngoma juu ya shimo lililofichwa, na jinsi mpiga ngoma alivyomwonya kwa mdundo. Watunza kumbukumbu wa chama cha mbudye, wakiwa na ubao wa lukasa mikononi, hawakuisimulia kama ugomvi wa watu wawili tu. Walifundisha humo tofauti ya utawala wa mabavu na utawala wa adabu, na kila chifu aliyeisikia alipaswa kujipima yeye mwenyewe.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Hadithi takatifu ya vita humfaa mtu inapomwonyesha adui aliye ndani yake, na humpoteza mara tu anapomtafuta adui huyo katika uso wa mwenzake. Gita haikuanza na amri ya kupigana. Ilianza na mtu aliyesimamisha gari lake awatazame watu wote waliosimama uwanjani. Mradi wa bomu haukusimama kuwatazama wachimbaji wa Shinkolobwe. Mgodi ulifungwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960, wachimbaji wadogo wakaurudia, na Julai 2004 watu wanane walifia humo ulipoporomoka, miezi michache baada ya amri ya rais kuufunga. Watoto wa shule za Likasi wanastahili kufundishwa historia hii yote pamoja, mawe na maandiko, na mfasiri yeyote wa Gita anayemtaja Oppenheimer anapaswa kuwataja na wachimbaji hao.