Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji: Nafasi ya Mwananchi wa Handeni na Korogwe

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni makubaliano ya wanakijiji, yaliyoandikwa na kuchorwa kwenye ramani, yanayoonesha sehemu ya makazi, mashamba, malisho, misitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii na akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Makubaliano hayo huwa na nguvu ya kisheria baada ya kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuidhinishwa na mamlaka za juu. Katika Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako mkulima, mfugaji, shamba la mkonge na msitu wa hifadhi hukaribiana, mpango huo ndio unaoamua nani alime wapi, ng'ombe wapite njia ipi na chemchemi ilindwe na nani.

Msingi wa kisheria

Ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, nayo iko chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinaigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Sheria hizo zilifuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, iliyotanguliwa na kazi ya Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Hata hivyo, Halmashauri hiyo si mmiliki. Ni msimamizi anayewajibika kwa wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 nayo inaitambua Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Utaratibu huu unahusu vijiji. Maeneo ya miji ya Handeni na Korogwe hupangwa chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007.

Mazingira ya Handeni na Korogwe

Wilaya hizi mbili zinapakana, lakini ardhi zake hazifanani. Korogwe ina miinuko ya Usambara yenye misitu na mashamba ya chai, na chini yake mabonde ya Mto Pangani na Mto Lwengera. Sehemu za tambarare zimekuwa na mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za ukoloni wa Kijerumani, baada ya zao hilo kuletwa nchini mwaka 1893. Kwa sababu hiyo, vijiji kadhaa vimebanwa kati ya shamba kubwa upande mmoja na msitu wa hifadhi upande mwingine.

Handeni ni pana na kavu zaidi. Wakulima wa mahindi na machungwa huishi pamoja na wafugaji, wakiwemo wa jamii ya Kimaasai, na uhaba wa maji ni tatizo la miaka mingi. Maji ya Mto Pangani huvutwa kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni kupitia mradi unaojulikana kwa jina la HTM. Hivyo kingo za mto zikilimwa ovyo katika wilaya moja, athari zake hufika katika wilaya nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mpango wa kijiji ndio unaoonesha mita hizo zinaanzia na kuishia wapi.

Vijiji vingi vya sasa vilipata sura yake katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji. Watu walihamishiwa katika makazi ya pamoja, na mara nyingi mipaka ilijulikana kwa mti, mkondo wa maji au kumbukumbu za wazee. Idadi ya watu na mifugo ilipoongezeka, kumbukumbu hizo hazikutosha tena.

Hatua za kuandaa mpango

Mwongozo unaotumiwa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1984, unaweka hatua sita.

Hatua ya kwanza ni maandalizi ngazi ya wilaya. Halmashauri ya Wilaya huunda timu ya wataalamu wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Hatua ya pili ni kutathmini hali ya kijiji kwa kuwashirikisha wananchi: wanakijiji huchora ramani yao wenyewe, hutaja rasilimali na migogoro iliyopo, na Mkutano Mkuu huchagua Kamati ya Matumizi ya Ardhi ya Kijiji yenye wanawake na wanaume.

Hatua ya tatu ni kuhakiki na kupima mipaka pamoja na vijiji jirani. Hatua ya nne ni kupanga matumizi yenyewe na kutunga sheria ndogo. Hatua ya tano ni usimamizi wa miliki, ikiwa ni pamoja na kuwa na masjala ya ardhi ya kijiji na kutoa hati. Hatua ya sita ni mpango wa kina wa maeneo, kwa mfano kupima viwanja katika eneo la makazi au kuweka utaratibu wa kutumia malisho.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mwananchi wa kawaida. Rasimu husomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao una mamlaka ya kuikubali, kuirekebisha au kuikataa. Ikipitishwa, hupelekwa katika Halmashauri ya Wilaya, kisha katika Tume. Mwananchi asiyehudhuria anaweza kugundua baadaye kwamba shamba lake limo ndani ya mapito ya mifugo, au kwamba eneo alilozoea kuchungia limetengwa kwa kilimo. Pingamizi linalotolewa mkutanoni na kuandikwa katika muhtasari ni rahisi kushughulikiwa kuliko lalamiko linalotolewa baada ya vigingi kuwekwa.

Ardhi ya pamoja na hati za kimila

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaitenga ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa na mtu mmoja mmoja, familia au kikundi, na ardhi ya akiba. Malisho, msitu wa kijiji na visima huingia katika sehemu ya kwanza. Sehemu hiyo haigawiwi kwa mtu binafsi, na Halmashauri ya Kijiji inatakiwa kuwa na rejista yake.

Kijiji chenye cheti cha ardhi, masjala na mpango kinaweza kuwapatia wakazi wake Hati za Hakimiliki ya Kimila. Kisheria, haki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa. Wanandoa wanaweza kuandikwa pamoja katika hati moja, na mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo, kinga hiyo hupungua pale mume anapoandikisha shamba la familia kwa jina lake pekee na mke hajui kwamba uhakiki umepita.

Malisho na maji hayaishii kwenye mpaka wa kijiji kimoja. Sheria inaruhusu vijiji jirani kufanya makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja. Mfano unaofahamika uko Kiteto, mkoani Manyara, wilaya inayopakana na Kilindi, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Huko vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao na kuyaita OLENGAPO, jina lililotokana na majina ya vijiji hivyo.

Ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma

Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Eneo lisilozidi hekta 250 huhitaji uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Eneo kubwa zaidi huamuliwa na Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Kwa vyovyote vile, uhamishaji haufanyiki kabla ya kukubaliana aina, kiasi na muda wa kulipa fidia.

Masharti hayo si ya kinadharia katika eneo hili. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linapita Handeni na Korogwe kuelekea Chongoleani, Tanga. Aidha, mwezi Juni 2022 Serikali ilianza kuhamishia katika kijiji cha Msomera, Handeni, kaya kutoka Ngorongoro. Serikali ilieleza kuwa zoezi hilo ni la hiari. Mashirika ya haki za binadamu na baadhi ya wakazi waliokuwapo Msomera tangu awali walitoa malalamiko kuhusu ushirikishwaji na haki zao za ardhi. Mambo hayo yanaonesha kwa nini mipaka, matumizi na majina ya wamiliki yanapaswa kuandikwa mapema, kabla mahitaji mapya hayajafika.

Migogoro na wajibu wa mwananchi

Mgogoro wa ardhi kijijini huanzia katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wakiwemo wanawake watatu. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu na halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwananchi anashauriwa kuhudhuria mikutano ya kijiji, ambayo kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kuomba kuoneshwa ramani na rejista ya ardhi. Kuwapo shambani wakati wa uhakiki wa mipaka pamoja na majirani na mwenza wake. Na kuhakikisha hoja yake inaingia katika muhtasari. Mpango ukishapitishwa, mapitio yake hupita njia hiyohiyo: hoja hupelekwa katika Halmashauri ya Kijiji na kuamuliwa katika Mkutano Mkuu.