Sentensi za Mfano katika Historia ya Kujifunza Kijapani

Francis Xavier alipofika Kagoshima mwaka 1549, wamisionari Wajesuiti walianza kujifunza Kijapani bila kitabu cha sarufi kilichopigwa chapa. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1590, Alessandro Valignano alipoleta mtambo wa chapa kutoka Ulaya. Vitabu vilivyotoka katika mtambo huo vinadhihirisha kanuni moja: neno hufunzwa ndani ya sentensi.

Mwaka 1592, huko Amakusa, ilichapwa hadithi ya kale ya ukoo wa Heike. Fukan Fabian, mtawa Mjapani, alikuwa ameiandika upya kwa herufi za Kirumi na kwa lugha ya mazungumzo: mmoja anauliza, msimulizi anajibu. Ikafuata kamusi ya Nagasaki ya mwaka 1603, ambayo pamoja na nyongeza yake ya 1604 ina maneno yapatayo 32,000. Mengi yamefafanuliwa kwa mifano, na msomaji huelezwa kama neno ni la Kyoto au la Kyushu, la wanawake au la maandishi tu.

João Rodrigues, katika sarufi yake ya 1604–1608, alifuata mpangilio wa Kilatini. Lakini nomino ya Kijapani haina minyambuliko ya Kilatini; uhusiano wake na kitenzi huonyeshwa na viambajengo vidogo vinavyoifuata. Zaidi ya hayo, heshima hubadili kitenzi chenyewe. Hata katika Kijapani cha leo, «kula» ni taberu. Kwa mheshimiwa husemwa meshiagaru, na msemaji anayejinyenyekeza hutumia itadaku. Jedwali halitoshi kufundisha tofauti hiyo. Yapasa ijulikane nani anasema na nani.

Mwaka 1614 wamisionari waliamriwa kuondoka Japani. Wanafunzi walitoweka, sentensi zao zikabaki. Maandishi ya Kijapani hayakuonyesha mabadiliko ya matamshi, kwa kuwa silabi ileile iliendelea kuandikwa kwa alama ileile. Herufi za Kirumi, kinyume chake, zilihifadhi fana (ua) na fito (mtu), ambayo leo ni hana na hito. Ndiyo maana wataalamu wa Japani wenyewe walitafsiri kamusi ile kwa Kijapani na kuichapisha mwaka 1980.

Hivyo, sentensi iliyoandikwa ili kumsaidia mgeni imekuwa ushahidi wa lugha kwa wenyeji. Atungaye mifano kwa ajili ya darasa lake, katika lugha yoyote, anaandika pia kumbukumbu ya lugha hiyo. Hana budi kuichagua kwa uaminifu.