Mbunguo alfa wa viini vya muda mfupi

Mbunguo alfa ni aina ya unururifu ambapo kiini kizito cha atomu hutupa nje chembe yenye protoni 2 na neutroni 2, yaani kiini cha heli. Namba atomia hupungua kwa 2, kwa hiyo kinachobaki ni elementi nyingine kabisa.

Chembe hiyo haina nishati ya kuruka kizuizi cha umeme kinachozingira kiini, bali hukipenya. George Gamow alieleza jambo hilo mwaka 1928 kwa fizikia ya kwanta, na Ronald Gurney na Edward Condon wakafikia jibu hilohilo. Nishati ikiongezeka kidogo, uwezekano wa kupenya huongezeka mno. Thori-232 hutoa chembe za takriban MeV 4, na nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya viini kubunguka, ni miaka bilioni 14. Poloni-212 hutoa za karibu MeV 9, na nusumaisha yake haifiki hata nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kwa viini adimu vya maabara, mbunguo huu ndio hati ya utambulisho, kwani vinatoweka kabla ya kipimo cha kikemia kuanza. Nihoni, elementi ya 113, ni mfano bora. Katika taasisi ya RIKEN mjini Wako, Japani, kundi la Kosuke Morita lilirushia bismuthi-209 viini vya zinki-70. Viwili vikiungana na neutroni moja ikatoka, hupatikana nihoni-278, ambayo hujikita katika kigunduzi cha silikoni. Chembe za alfa lazima zitoke mahali palepale, moja baada ya nyingine kama mnyororo, kila moja na nishati yake.

Tukio la kwanza lilionekana tarehe 23 Julai 2004. Kiini hicho kilidumu milisekunde 0.344. La pili lilifuata Aprili 2005. Yote mawili yalitoa alfa 4, kisha dubni-262 iliyobaki ikapasuka vipande viwili. Wakaguzi wa madai ya elementi mpya hawakuridhika, na walikuwa na haki: bohri-266, iliyo katikati ya mnyororo, ilikuwa haijulikani vizuri. Kundi likaitengeneza kwa njia nyingine, kwa kugonganisha natiri na kuri, ili kuichunguza peke yake. Tarehe 12 Agosti 2012 likaja tukio la tatu. Safari hii dubni haikupasuka. Mnyororo ulifika alfa 6, hadi mendelevi-254. Ugunduzi ulikubaliwa Desemba 2015, kwa viini 3 tu.