Kulala Nyumbani kwa Bwana

Anayepanga likizo ya Walt Disney World huko Florida, Marekani, huanza kwa kuchagua hadithi atakayolala ndani yake. Ipo hoteli ya visiwa vya Polinesia, ipo ya magogo ya misitu ya magharibi, na tangu 2001 ipo Animal Kingdom Lodge, ambako twiga hutembea chini ya roshani za wageni. Humo Kiswahili chetu kimefanywa pambo: jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village, mgahawa ni Boma, na katika bustani ya burudani iliyo jirani, iliyofunguliwa 1998, kuna mji wa kubuni uitwao Harambe. Msomaji wa Nakuru anaweza kuyaona hayo kuwa mambo ya ng'ambo, akaamini kwamba kwetu hoteli ni hoteli na ziwa ni ziwa. Lakini Bonde la Ufa la kati lilikuwa na nyumba za maigizo miongo kadhaa kabla ya Disneyland ya kwanza kufunguliwa California mwaka 1955. Walowezi ndio walioziinua, na biashara ya utalii ikazirithi pamoja na hadithi yake. Kwa hiyo mgeni anayelinganisha nyumba za kulala wageni kuanzia Naivasha hadi Rongai hapewi uchaguzi mpana kama anavyodhani. Kwa sehemu kubwa anachagua tu ni katika baraza la bwana yupi atakunywa chai yake.

Jukwaa lenyewe lilifagiliwa kwanza. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikaligusa Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni, ikitafuta mzigo wa kuilipia reli hiyo, ikaamua kwamba mzigo huo utalimwa na Wazungu. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli. Ule wa 1911 ukawahamisha tena wale wa Laikipia, na walipokwenda mahakamani kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Majina ya Kimaa yalibaki: Nakuru, mahali pa vumbi, Naivasha, maji yanayochafuka. Waliotoa majina hayo ndio waliokwenda. Mlowezi mashuhuri Lord Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro, kisha akaongeza Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini nyumba zilizofuata zilikuwa za maigizo. Mtu aliyeaminishwa kwamba anajenga katika nchi tupu hana mfano wa kuufuata ila ule aliotoka nao kwao, au ule wa ndoto zake.

Na ndoto zilikuwa za kila namna. Kando ya Ziwa Naivasha, katika miaka ya 1920, ilijengwa nyumba nyeupe ya mtindo wa Kimoroko iliyojulikana kwa jina la Djinn Palace, baadaye makao ya Earl wa Erroll, yule aliyeuawa kwa risasi karibu na Nairobi mwaka 1941. Huko Rongai, mwaka 1920, Lord Francis Scott alijenga Deloraine, nyumba ya ghorofa yenye veranda ndefu, kama aliyeng'oa nyumba ya kikabaila ya Uingereza akaja kuipandikiza chini ya milima ya Londiani. Lakini aliyefika mbali kuliko wote ni Maurice Egerton. Kuanzia 1938 hadi 1954, vita vikikatiza kazi katikati, alijijengea Njoro kasri la mawe lenye vyumba zaidi ya 50, akakaa humo bila mke wala mtoto, akafa 1958. Waongoza wageni husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Iwe kweli isiwe kweli, simulizi hiyo imelifanyia kasri kazi ambayo hakuna tangazo la biashara lingeweza: imewapa wageni mtu mmoja wa kumhurumia, na huyo ni mwenye nyumba.

Nyumba ziligeuka hoteli kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa usafiri. Kabla na baada ya Vita Kuu vya Pili, ndege za Waingereza zinazotua majini zilitumia Ziwa Naivasha katika safari ya kusini mwa Afrika, na hoteli iliyokuwa ufukweni ikawalaza abiria wake katika bustani ya nyasi zilizokatwa vizuri chini ya migunga. Safari hizo zilikoma 1950, bustani ikabaki kuwa kielelezo cha hoteli nyingine za ziwa hilo. Njia ya pili ilikuwa Uhuru. Agosti 1963 Jomo Kenyatta alikutana na masetla mjini Nakuru, akawaambia wasameheane na wabaki walime. Wengi waliuza wakaondoka, wengine wakabaki, na waliobaki walijikuta na nyumba kubwa kuliko mapato ya ng'ombe na shayiri. Wakati huohuo Ziwa Nakuru, lililotengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960 na kutangazwa mbuga ya taifa mwaka 1968, lilikuwa likivuta wageni kutoka duniani kote kwa ajili ya heroe. Wageni walihitaji vitanda, na nyumba hizo zilikuwa navyo. Deloraine ikaanza kupokea wageni. Nyumba ya mwandishi Joy Adamson kando ya Naivasha, Elsamere, ikawa kituo cha uhifadhi chenye vyumba vya kulala na chai ya jioni. Hata kambi mpya za mahema ya kifahari, ambazo hazikuwahi kuwa nyumba ya mtu, ziliiga sura hiyo hiyo: masanduku ya ngozi, taa za kandili, viti vya kukunja, picha za wawindaji ukutani.

Hasara ya urithi huu haionekani katika kilichowekwa, bali katika kilichoachwa nje. Hakuna nyumba hata moja kati ya hizi iliyosimama kwa mikono ya bwana peke yake. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeruhusiwa kukaa na kulima kipande kidogo ndani ya shamba la Mzungu, amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka. Kipande cha aina nyingine, yaani cheti cha utambulisho alichotakiwa kutembea nacho, kikamfunga asiweze kuhama kwa hiari yake. Watu hao ndio waliochonga mawe, wakachota maji, wakawasha meko ya wenye nyumba. Walizaa na kuzika humo mashambani, wakafukuzwa kwa maelfu katika miaka ya 1940, na wengi wa watoto wao wakaingia Mau Mau. Mwanasiasa J. M. Kariuki, aliyezaliwa 1929 katika familia ya maskwota hapa Bondeni, alikuwa mmoja wao. Kuhusu Elementaita mgeni ataambiwa kwamba Galbraith Cole, shemeji wa Delamere, aliipenda mno nchi hii na amezikwa shambani kwake Kekopey akilitazama ziwa. Pengine hataambiwa kwamba mwaka 1911 Cole alimpiga risasi akamuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo, kwamba baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimwachilia, na kwamba serikali yenyewe iliona aibu ikamfukuza nchini kwa muda. Kaburi la Cole lina mnara wa jiwe. Aliyeuawa hana hata jina katika masimulizi wanayopewa wageni. Njoro nako, kijumba chenye jina la Beryl Markham, rubani na mwandishi aliyelelewa huko, kimehifadhiwa kwa wageni katika shamba la Kembu. Arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyekuja kumtumikia miaka mingi, ambaye bila yeye kitabu cha Markham cha 1942 kingepungukiwa sana, hana kijumba.

Wapo watakaosema kwamba mgeni amelipa pesa apumzike, hakuja kusomeshwa historia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hoteli hizi zingeuza usingizi tu. Lakini haziuzi usingizi tu. Chumba chenye picha ya bwana ukutani hutozwa bei kubwa kuliko chumba kitupu cha ukubwa uleule, na tofauti ya bei hiyo ni historia. Anayeuza kitu hawezi kusema kwamba mnunuzi hakihitaji. Kilicho cha haki ni kwamba akiuze kizima.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Majengo haya ni mali ya nchi, yanatunzwa kwa fedha za wageni, na yanawaajiri vijana wa Njoro, Gilgil na Rongai katika eneo lenye ajira chache. Yangekosa wageni yangebomoka, na pamoja nayo ingepotea hata kazi ya mikono ya maskwota. Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu sisemi yabomolewe wala yasusiwe. Kasri la Egerton, ambalo leo limo mikononi mwa chuo kikuu chenye jina lake, linapokea wanafunzi wa shule na maharusi Waafrika wanaopigwa picha kwenye ngazi zake, na ni vyema. Watu wetu kuingia kwa mlango wa mbele ni jambo lenye uzito. Lakini kuingia kwa mlango wa mbele na kusikiliza hadithi ileile ya mapenzi ya bwana hakujageuza lolote ndani. Ajira nayo haidhuriki hadithi ikipanuliwa. Kinyume chake, anayeajiriwa kusimulia habari za babu yake aliyechonga mawe ana kazi ambayo hawezi kunyang'anywa na mgeni kutoka mbali.

Wengine watanielekeza kwenye hoteli mpya zilizoacha mtindo wa kisetla zikachukua wa Kimaasai: majina ya Kimaa, shuka nyekundu, shanga, ngoma saa ya chakula cha jioni. Hizo kweli zimebadili sura. Hazijabadili kanuni, kwa sababu Mmaasai wa mapambo hana mwaka. Anaruka na kuimba kama mtu ambaye hakuwahi kutia saini mkataba, hakuwahi kuhamishwa, hakuwahi kwenda mahakamani akashindwa. Bwana wa veranda angalau amepewa tarehe yake ya kuzaliwa na ya kufa. Kumrudisha Mmaasai Naivasha akiwa pambo, bila kusema aliondokaje, ni kumhamisha tena.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vingine, ushahidi uko karibu sana na mji wa Nakuru. Huko Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 akafukua makaburi ya kale na mabaki ya makazi ya wafugaji, pamoja na mashimo ambayo wenyeji huyataja kuwa ya Wasirikwa, watu walioishi huko zamani. Mahali hapo pakatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943. Nyumba ya shamba iliyokuwa ya familia ya kisetla ikatolewa mwaka 1965, ikawa makumbusho. Ni nyumba ya enzi zilezile za zile ninazozizungumzia. Ilikuwa na veranda, ingeweza kutandikwa vitanda na kutundikwa picha za wawindaji, ikaingiza pesa. Badala yake vyumba vyake viliwekwa vitu vilivyotoka ardhini mwake na vyombo vya watu wa Bonde. Mgeni huingia kwa mlango wa setla, hupita vyumbani, kisha hutoka hadi kilimani kwenye jiwe lililochimbwa vishimo vya bao, mahali ambapo watu walikaa wakicheza na kulitazama ziwa kabla ya yeyote kupimiwa ekari.