Povu Lililoamriwa na Sheria

Gari la zimamoto la kiwanja cha ndege hubeba maji na dawa ya kufanya povu. Maji peke yake hayafui dafu mbele ya mafuta ya ndege, kwa kuwa mafuta huelea juu yake na kuendelea kuwaka. Katika miaka ya 1960 watafiti wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na kampuni ya 3M, walipata povu lenye kemikali za florini. Kemikali hizo huyafanya maji yatande juu ya mafuta kama utando, na moto ukakosa mvuke wa kuula. Tarehe 29 Julai 1967 meli ya kivita ya kubebea ndege, USS Forrestal, iliungua karibu na Vietnam, wakafa watu 134. Baada ya msiba ule nani angebishia povu hilo? Jeshi liliweka kipimo: moto wa petroli wa futi za mraba 28 uzimwe kwa sekunde 30. Baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikavitaka viwanja vya abiria vitumie povu lililofaulu kipimo hicho hicho.

Ubaya wake ni kwamba kemikali hizo haziozi. Tena sehemu kubwa ya povu ilimwagwa mazoezini na katika ukaguzi wa magari (ajali zenyewe ni chache, tumshukuru Mungu). Ardhi ikalinywa. Huko Kallinge, Sweden, mwaka 2013 iligunduliwa kwamba povu la kiwanja cha jeshi la anga limeingia katika maji ya bomba. Miaka kumi baadaye Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwa na kemikali hizo kwa wingi katika damu ni madhara ya mwili kisheria.

Kinachonishangaza ni mwendo wa sheria. Mkuu wa zimamoto Marekani aliyetaka kuacha povu hilo angevunja masharti ya kiwanja chake. Oktoba 2018 Bunge liliiamuru FAA iache, ndani ya miaka mitatu, kuvilazimisha viwanja kutumia florini. Oktoba 2021 FAA ikaviandikia: mnaweza kutumia povu jingine, mradi lifikie kipimo kile kile. Hakukuwa na hata moja lililokifikia! Ni kama kumruhusu mtu atoke kisiwani bila kumpa mtumbwi.

Wakati huo zimamoto wa viwanja vikubwa vya Australia walikuwa wamekwisha kuhamia povu lisilo na florini tangu 2010. Hata hivyo sipendi kuwaonea wakubwa wa FAA. Anayelegeza kipimo, kisha ndege ikaungua na abiria wake, ataulizwa yeye. Isitoshe, povu jipya halitandi lenyewe kama la zamani; askari sharti ajifunze upya namna ya kulirusha.

Januari 2023 jeshi lilitoa kipimo kipya kwa povu lisilo na florini, na Septemba povu la kwanza likaingia orodhani. Mwaka 2024 Bunge liliidhinisha dola milioni 350 za kuvisaidia viwanja. Fedha hizo zinahitajika, maana povu jipya halimiminwi tu katika tangi la zamani. Kemikali hung'ang'ania matangi na mabomba, huoshwa mara kadhaa, na maji ya kuoshea nayo hayana pa kumwagwa.