Habari za Weupe wa Nyumba Uchagani

Mtu amalizaye kujenga nyumba Moshi, ikiwa mjini au katika vihamba vya mlimani, hufika siku moja mbele ya muuza rangi akaulizwa ataka nyeupe ipi. Kabla ya siku hiyo alidhani nyeupe ni moja. Sasa aonyeshwa nyeupe ya maziwa, nyeupe ya pembe, nyeupe ya yai, na nyeupe pe ambayo jicho haliwezi kuitazama juani. Aghalabu huchagua hiyo ya mwisho, kwa kuwa aiona safi kupita nyingine zote. Masika ya kwanza yakipita, ukuta umekuwa na madoa mekundu toka chini mpaka magotini, na mwenye nyumba huwalaumu fundi, mvua na watoto. Lakini lawama haiwastahili hao. Hapana budi kutazama jinsi weupe ulivyopanda mlima, maana ulifika Uchagani kutoka mbali, na kila mara ulipofika ulichukuana na hukumu juu ya nyumba ilivyopasa kuwa.

Nyumba ya kale ya Mchaga haikuwa na ukuta wa kupakwa. Ilikuwa msonge wa miti iliyoezekwa majani, na katika sehemu nyingi za mlima majani hayo yalishuka hadi karibu na ardhi. Ndani waliishi watu pamoja na ng'ombe wao, na moto uliwaka jikoni mchana na usiku bila dohani. Moshi ulipanda polepole katika paa, ukaacha masizi juu ya miti na kamba. Mgeni aliyeingia aliona giza na uchafu. Mwenyeji alijua jambo jingine: moshi hukausha miti, na hufukuza wadudu walao mbao na majani. Kwa hiyo weusi wa ndani ulikuwa hifadhi ya nyumba, na tena ushahidi kwamba moto wa nyumba hiyo haujazimika. Weupe ulikuwako, lakini ulikuwa juu, katika kilele cha Kibo, mahali ambapo hapana aliyejenga.

Ni weupe huo wa juu ulioanzisha mabishano ya kwanza. Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisheni Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu hicho, akakiita baridi tu. Watu wa pwani walikuwa na hadithi kwamba ni fedha. Na habari zilizoandikwa na wamisheni zasema kwamba walioijaribu fedha hiyo kwa kuishusha bondeni walikuta mikononi mwao maji matupu. Rebmann alitambua kuwa ni theluji. Huko London mjuzi wa jiografia William Desborough Cooley alikataa kabisa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mabishano yalidumu mpaka safari za Karl Klaus von der Decken za miaka 1861 na 1862 zilipothibitisha maneno ya Rebmann. Mfano huu wafaa kukumbukwa na kila achaguaye rangi. Macho ya watu wote yaliona weupe ule ule, lakini mmoja aliona fedha, mwingine baridi, mwingine theluji, na aliye mbali hakuona kitu. Weupe husomwa kwa kadiri ya mahali mtazamaji atokapo.

Wakati huo pwani ilikuwa na elimu ya kale ya kuta nyeupe. Kilwa, Lamu, Mombasa na Unguja, mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe, na kwa matumbawe hayo hayo walifanya chokaa. Mawe yalipangwa juu ya kuni nyingi, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji. Nayo yalitoa joto kali na kupasuka kuwa unga. Unga huo ulichanganywa na mchanga kwa kujengea, na ulichujwa ukawa laini kwa kupakia kuta. Sifa ya chokaa ni kwamba ikikauka huvuta hewa na kurudi kidogo kidogo katika hali yake ya kwanza, yaani huwa jiwe tena. Lakini jiwe hilo ni jembamba, na mvua hulila. Mwenye nyumba ya pwani alijua kwamba weupe wa mwaka huu hautamfikisha mbali, na mvua zikipita ni lazima apake tena. Weupe kwake ulikuwa kazi irudiwayo, mfano wa kufagia uwanja.

Mlima Kilimanjaro hauna matumbawe. Umezaliwa na moto, na mawe yake ni lava na majivu yaliyogandamana. Misafara iliyopanda kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilileta nguo, shanga na bunduki, ikashuka na pembe. Na ni mfanyabiashara gani angemlipa mpagazi kubeba chokaa siku nyingi kichwani? Weupe wa nyumba ulihitaji nguvu nyingine ya kuuchukua.

Nguvu hiyo ilikuja kwa njia mbili, misheni na serikali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wote walijenga nyumba za pembe nne, zenye kuta za kusimama na madirisha. Serikali ya Kijerumani nayo ilijenga boma Moshi ya Kale, na ilimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake tarehe 2 Machi, 1900. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukakua penye stesheni, chini ya vihamba. Tangu hapo mizigo mizito kama bati, saruji na chokaa iliweza kupanda kwa gari la moshi.

Wageni hao walikuja na imani yao juu ya weupe. Katika Ulaya ya karne ya kumi na tisa, kipindupindu kilipoingia mjini, serikali ziliamuru nyumba za maskini zipakwe chokaa. Amri hiyo ilikuwa na msingi, kwa maana chokaa mbichi ni kali na huua vijidudu. Lakini ilipofika Afrika iliacha kuwa dawa tu. Hospitali, shule, ofisi na kambi zilipakwa nyeupe, na kidogo kidogo nyeupe ikawa alama ya mahali penye amri. Kinyume chake, nyumba yenye masizi ilihesabiwa kuwa nyumba ya mtu asiyestaarabika. Hapo ndipo palipotendeka dhuluma isiyoandikwa katika sheria yoyote. Elimu ya moshi, iliyohifadhi miti ya mababu, ilibadilishwa jina ikaitwa uchafu. Na vijana waliotoka shuleni walianza kuona haya kuwaingiza wenzao katika nyumba za mama zao.

Haya hiyo haikufutwa kwa mahubiri, bali kwa kahawa. Wakulima wa mlimani walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha ziliingia vihambani, na nyumba za bati na saruji ziliongezeka kati ya migomba. Ni rahisi kusema kwamba wakulima hao waliiga wazungu. Lakini mkulima aliyepaka ukuta wake nyeupe kwa fedha ya kahawa yake mwenyewe aliichukua alama ya ofisi na kuiweka nyumbani kwake, bila kuomba ruhusa ya ofisi. Weupe uliokuwa hukumu juu yake sasa ulikuwa jawabu lake. Yamkini ndiyo sababu hata leo mtu akimaliza nyumba huitafuta nyeupe iliyo kali kuliko zote; atafuta jawabu lisilo na shaka.

Kisha ilikuja rangi ya kopo, nayo ina historia yake iliyofichika. Kwa karne nyingi rangi nyeupe ya mafuta ilitengenezwa kwa risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa, lilipokutana Geneva, lilipitisha mkataba wa kukataza nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Mahali pake palichukuliwa na unga wa titani, ulioenea tangu miaka ya 1920, nao ndio utoao ile nyeupe pe ya leo. Asili ya unga huo ni mchanga mzito mweusi. Mchanga wa namna hiyo ulichimbwa Kwale, kusini ya Mombasa, tangu 2013 hadi Desemba 2024, ukapakiwa melini na kupelekwa ng'ambo. Lakini risasi haikutoweka duniani. Vipimo vilivyofanywa Afrika Mashariki katika karne hii viliikuta katika baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa madukani, na madhara yake huwapata zaidi watoto, ambao hutia mikono kinywani baada ya kugusa ukuta na vumbi lake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuza rangi lisiwe ni nyeupe ipi, bali kama haina risasi.

Hilo likijulikana, mlima na usemwe nao. Moshi ni nchi mbili katika jina moja. Mjini jua ni kali, kivuli ni kidogo, na vumbi la kiangazi ni jekundu. Nyeupe pe huko hupoza nyumba kwa kurudisha mwanga, lakini humwumiza jicho mpita njia na kuonyesha kila tone la tope. Nyeupe iliyotiwa ukahawia kidogo hupoza karibu sawasawa na hulichukua vumbi bila kuaibika. Mafundi waliojenga shule nyingi za nchi hii walijua jambo hilo. Ndiyo maana walipaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya udongo, ili mvua irukapo ikute mwenziwe. Huko juu vihambani hali ni nyingine. Mwanga hufika ukutani ukiwa umepita katika majani ya migomba, nao una ukijani ndani yake. Nyeupe yenye ubuluu hapo huonekana baridi na yenye ugonjwa, hasa asubuhi za Julai zenye ukungu; nyeupe ya maziwa au ya yai hupokea ukijani huo ikabaki na uhai.

Ukuta nao una haki yake. Ukuta wa udongo au wa tofali za kuchoma hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Ukifunikwa rangi ya mafuta, maji hukosa njia na rangi huvimba na kubanduka. Chokaa huyaachia maji yapite, ijapokuwa hudai kupakwa tena. Achaguaye na apake kipande cha ubao, akisimamishe penye ukuta wenyewe, akitazame asubuhi, adhuhuri na jioni, siku ya jua na siku ya mvua, kabla ya kununua kopo la pili.

Kwa vizazi vingi kipimo cha weupe Uchagani kilikuwa Kibo chenyewe. Kipimo hicho chapungua. Tangu mwaka 1912, wakati reli ilipokuwa ngeni Moshi, hadi 2007, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa asilimia 85. Watoto wa sasa huenda wakazeeka chini ya kilele cha mawe ya kijivu. Hao hawatakuwa na theluji ya kulinganisha na kuta zao. Watakuwa na udongo, migomba, mvua na moshi wa jiko, vitu ambavyo babu zao walivishauri walipojenga, kabla hajaja mtu wa kuwaambia kwamba nyumba njema ni ile iliyo nyeupe kupita zote.